Friji ya Bure Shuleni Hulipwa na Nani?

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni wazazi, na wengi wa wazazi hao ni wajumbe wa halmashauri za shule. Nataka kusema nao juu ya soda. Pengine mtu atauliza: karani wa kilimo ana habari gani na soda? Habari anayo. Mtoto anayekunywa soda shuleni ni mtoto wa mkulima. Fedha anayonunulia imetoka katika maziwa, mahindi au majani ya chai ya wazazi wake. Na kikombe ambacho soda imekisukuma kando kilikuwa kikombe cha maziwa au cha uji, kilichotoka katika shamba lile lile. Tena nilifunzwa ualimu kabla ya kuingia ofisini, na mwalimu hawezi kupita karibu na uwanja wa shule asitazame watoto wanakunywa nini.

Sisemi kwamba soda ni sumu. Mtu mzima akinywa chupa moja arusini, hakuna neno. Ninalosema ni hili: shule ya umma si duka, na kampuni ya vinywaji isipewe nafasi ya kuwachagulia watoto wetu kinywaji. Nafasi hiyo kampuni haiichukui kwa nguvu. Huinunua, na mara nyingi huipata kwa bei rahisi kwa sababu shule ina shida.

NJIA INAYOINGILIA

Tangu Januari 2003 elimu ya msingi katika shule za serikali ya Kenya imekuwa bila karo, na watoto wengi waliokuwa wakichunga mbuzi walipata kushika kalamu. Hilo ni jambo jema sana. Lakini kila mwalimu mkuu ajua kwamba fedha za serikali hazitoshi kila haja, na pengine huchelewa. Paa lavuja, choo kimejaa, mipira imepasuka.

Wakati kama huo huja mgeni mwenye adabu. Asema kampuni yake yapenda elimu. Iko tayari kuleta friji ya kantini, au kupaka rangi kibao cha shule, jina la shule likae chini na picha ya chupa juu. Au italeta jezi na kombe la mpira. Hadai hata senti moja. Mwalimu mkuu ashukuru, wajumbe wapige makofi.

Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Mkono wa kampuni nao haukuja kulambwa bure. Wenye maduka wanaijua desturi ya friji za namna hii: friji hubaki mali ya kampuni, na sharti lake ni kwamba ndani ziwekwe chupa za kampuni hiyo. Maziwa ya jirani hayana nafasi humo. Katika duka, sharti hilo ni mapatano ya wafanya biashara wawili watu wazima. Katika shule, anayelipa sharti ni mtoto wa miaka tisa ambaye hakuulizwa.

MAREKANI WALIFIKA WAPI

Ili tuone njia hii huishia wapi, tutazame nchi iliyoifuata mbali zaidi. Huko Marekani, katika mwaka 1980, wizara ya kilimo, ambayo ndiyo inayosimamia chakula cha shule, iliweka kanuni kwamba soda na vitu vingine visivyo na lishe visiuzwe shuleni mpaka chakula cha mchana kimekwisha. Chama cha watengenezaji soda kilikwenda mahakamani. Katika mwaka 1983 mahakama ya rufani iliamua kwamba wizara imepita mpaka wake, na kwamba yaweza kuzuia vitu hivyo saa ya chakula tu, tena mahali pa kulia chakula tu. Basi mashine za kuuzia soda zikasimama nje ya mlango, katika ujia ambamo watoto hupita kutwa.

Katika miaka ya 1990 yalikuja mapatano makubwa zaidi. Kampuni ililipa fedha ili vinywaji vyake peke yake viuzwe katika shule zote za mji. Mji mmoja uliojulikana sana kwa jambo hili ni Colorado Springs, katika jimbo la Colorado. Katika mwaka 1997 idara ya shule iitwayo District 11 ilipatana na Coca-Cola kwa miaka 10, na malipo yaliyotajwa yalikuwa dola milioni 8. Lakini ili fedha zote zipatikane, shule zilitakiwa kuuza kiasi fulani cha vinywaji. Katika mwaka 1998 mkubwa mmoja wa idara hiyo, si mtu wa kampuni, aliwaandikia walimu wakuu barua akiwakumbusha kwamba lazima kreti 70,000 ziuzwe kwa mwaka. Aliwashauri waweke mashine mahali ambapo wanafunzi wazifikia siku nzima, na wafikirie kuwaruhusu kunywa hata darasani.

Msomaji, fikiri kidogo juu ya barua hiyo. Mtu anayelipwa na wananchi kulea watoto amekuwa mchuuzi wa kampuni, na hakupewa rushwa. Alikuwa akitafuta fedha za shule kwa moyo safi. Hilo ndilo linalonitisha. Mapatano ya namna hii hayahitaji mtu mbaya. Humgeuza mtu mwema kazi yake.

Mwaka huo huo wa 1998, katika jimbo la Georgia, shule moja ya sekondari iliweka siku maalum ya kuisifu Coca-Cola, kwa kuwa ilikuwa ikishindania zawadi ya dola 500. Wanafunzi walipangwa uwanjani ili miili yao iandike jina la kinywaji hicho. Mvulana mmoja alionyesha shati lenye jina la Pepsi, akafukuzwa kwa siku moja. Kwa ajili ya dola 500, shule ilimwadhibu mwanafunzi kwa kosa la kuvaa jina la kampuni isiyotakiwa.

Baadaye Wamarekani walirudi nyuma. Wakuu wa shule za Los Angeles waliamua katika mwaka 2002 kuondoa soda, na amri ikaanza kushika Januari 2004. Katika mwaka 2006 makampuni makubwa yenyewe yalikubali kuziondoa shuleni soda zenye sukari kamili, maana hasira ya wazazi ilikuwa imekuwa kubwa. Sheria ya chakula cha watoto ikapitishwa katika mwaka 2010, na kanuni zake juu ya vitu vinavyouzwa shuleni zikaanza kutumika katika mwaka wa masomo wa 2014. Tangu hukumu ile ya 1983 ilikuwa imepita miaka 31. Mtoto aliyeanza shule siku za hukumu alikuwa sasa mzazi mwenye watoto shuleni. Nayo Meksiko, nchi yenye wanywaji wengi wa soda kupita karibu nchi zote, ilipiga marufuku soda na vyakula vya namna hiyo shuleni tangu tarehe 29 Machi 2025.

Kwetu Kenya hatujafika kwenye mapatano ya kreti 70,000. Lakini kombe la kandanda la vijana wa shule liitwalo Copa Coca-Cola limechezwa hapa, na vibao vyenye picha za chupa twaviona. Mlango ni ule ule. Ni heri kuufunga ukiwa bado mlango, kuliko kungoja uwe barabara.

SUKARI NA MPIRA

Wengine husema, "Mtoto acheza mpira, sukari yote itatoka kwa jasho." Maneno haya hayakutoka hewani. Katika mwaka 2015 ilijulikana kwamba kundi moja la wataalamu huko Marekani, lililokuwa likisema kwamba shida ya unene imetokana zaidi na watu kutofanya mazoezi, lilikuwa limeanzishwa kwa fedha za Coca-Cola. Habari ilipoenea, kundi hilo lilivunjwa kabla ya mwaka kwisha. Mpira ni mzuri, watoto na wacheze. Lakini anayekupa mpira kwa mkono mmoja na chupa kwa mkono wa pili ana sababu ya kukuambia kwamba kimoja chaondoa kingine.

Tutazame chupa yenyewe. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari gramu 32 hivi, yaani vijiko 8 vya chai. Hakuna mama atakayetia vijiko 8 katika kikombe kimoja cha chai ya mtoto. Angeitwa mwenda wazimu. Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri katika mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Kwa mtu mzima nusu hiyo ni gramu 25 hivi, vijiko 6. Basi chupa moja yapita kipimo hicho cha mtu mzima, nasi twampa mtoto saa nne asubuhi. Meno huoza, tumbo hushiba bila chakula, na mtoto arudi nyumbani akikataa githeri. Akizoea hivyo mwaka hata mwaka, unene na ugonjwa wa kisukari humngoja mbele. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

MASWALI YA WAKULIMA WENZETU

Mkulima wa miwa atasema, "Karani, unaharibu soko langu." Sivyo. Soda hutengenezwa kwa sukari nyeupe iliyosafishwa sana, na sukari ya namna hiyo Kenya imekuwa ikiiagiza kutoka ng'ambo kwa miaka mingi, maana viwanda vyetu vya miwa hutengeneza sukari ya kawaida ya nyumbani. Chupa inayonywewa Mumias haileti faida kubwa kwa muwa wa Mumias.

Mkulima wa maembe naye atasema kwamba makampuni haya yamewasaidia wakulima. Hapo ana haki. Katika mwaka 2010 Coca-Cola, pamoja na TechnoServe na mfuko wa Gates, ilianzisha mpango wa kuwasaidia wakulima zaidi ya 50,000 wa maembe na makarakara katika Kenya na Uganda. Mkulima akipata soko la matunda, na auze, hata kwa kampuni ya soda. Lakini kumwuzia mtu embe si kumpa ufunguo wa darasa. Biashara ya shamba ifanyike shambani na sokoni.

TUWAPE NINI BADALA YAKE

Kukataza tu hakutoshi. Mtoto ana kiu na ana njaa, na lazima anywe kitu. Wazee wengi wa leo wanakumbuka Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza katika mwaka 1979 kwa amri ya Rais Moi. Kila mtoto wa shule ya msingi alipata pakiti yake bila malipo, na mkulima alipata soko kwa njia ya KCC. Watu wazima hutabasamu wakilitaja jambo hilo hata leo. Lakini mpango ule ulidhoofika, ukasimama mwishoni mwa miaka ya 1990, na KCC yenyewe ikaanguka. Maziwa yalitoka juu, na yalipokatika huko juu, chini hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuyarudisha. Kwa hiyo sisemi tungoje zawadi nyingine kubwa. Zawadi ya serikali yaweza kukoma, na zawadi ya kampuni yaja na sharti. Kinachodumu ni kile ambacho wazazi wenyewe wamekipanga.

Nipeni ruhusa nipige hesabu, kama nilivyofunzwa. Tuchukue mfano wa shule yenye watoto 400. Tuseme watoto 100 hununua soda kila siku kwa shilingi 50. Hiyo ni shilingi 5,000 kwa siku. Muhula ukiwa na siku 60 za masomo, ni shilingi 300,000. Kama kantini huachiwa shilingi 5 kwa chupa, shule yapata 30,000, na shilingi 270,000 zaondoka kijijini. Na sukari je? Gramu 32 mara 100 ni kilo 3 na gramu 200 kwa siku. Kwa muhula ni kilo 192, karibu magunia manne ya kilo 50. Wale waliokuwa wakisema "ni chupa moja tu" wayatazame magunia hayo manne. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tuchukue shilingi 5,000 zile zile. Tuseme chama cha ushirika chauzia shule maziwa kwa shilingi 60 lita. Lita 80 ni shilingi 4,800, na zatoa vikombe 400 vya mililita 200. Kila mtoto wa shule amepata kikombe, wala si wale 100 wenye fedha mfukoni, na zimebaki shilingi 200 za kuni. Fedha yote imelala kijijini.

Mtu atasema, "Fedha ile ilikuwa ya watoto 100, hao 300 watatoa wapi?" Ni swali la haki. Shilingi 5,000 zikigawanywa kwa watoto 400 ni shilingi 12 na nusu kwa mtoto kwa siku, yaani 750 kwa muhula. Wako wasioweza. Hao walete kuni, au debe la wimbi, au maziwa yenyewe, au wafanye kazi ya jikoni. Siku ambazo maziwa ni haba, hasa wakati wa kiangazi, upikwe uji wa wimbi. Watoto ambao maziwa huwasumbua tumbo wapewe uji pia. Na maziwa yachemshwe daima, maana mabichi yaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe kwa watu, na kifua kikuu.

MAJI KWANZA

Liko jambo moja ambalo huja hata kabla ya maziwa. Shule isiyo na maji safi ya kunywa yauza soda hata kama haina kantini. Mtoto aliyecheza juani akakuta bomba limekauka atakwenda dukani ng'ambo ya barabara, wala tusimlaumu. Halmashauri inayokataza soda na haina tangi la maji imefanya nusu ya kazi.

Tunao mvua na tunayo mabati. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la madarasa la mita 20 kwa 8 ni mita za mraba 160. Mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 96,000. Hata moja ya tano ikipotea, zabaki karibu lita 77,000. Maji hayo leo humwagika na kuchimba mtaro mbele ya darasa, wakati mtoto wa ndani ana kiu. Mifereji na tangi ni kazi ambayo wazazi wanaweza kuichangia. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe ili paa lioshwe, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

KAZI YA HALMASHAURI

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaweka halmashauri ya usimamizi na chama cha wazazi katika shule za umma. Basi wajumbe hawahitaji kungoja Nairobi. Mgeni wa kampuni akija, yafaa aulizwe maswali haya kabla ya kupigiwa makofi:

1. Je, sharti lake ni nini, na limeandikwa wapi? Maandishi yasomwe mbele ya wazazi wote, wala yasitiwe sahihi na mtu mmoja ofisini.

2. Je, friji hii yaweza kuwekwa maziwa, maji na matunda ya wakulima wa hapa? Kama haiwezi, si friji ya shule. Ni duka la kampuni lililojengwa ndani ya shule yetu.

3. Je, zawadi hii ingaliletwa kama hakuna picha wala jina? Kampuni inayopenda elimu yaweza kutoa madawati yasiyo na rangi yake. Ikikubali, tuishukuru kwa dhati. Ikikataa, tumejua ilikuja kutafuta nini.

Kadhalika halmashauri ipange kwamba kantini isiuze vinywaji vya sukari siku za masomo, na iseme na wenye maduka walio karibu na lango, maana wao pia wana watoto humo.

Najua mwalimu mkuu atakayeirudisha friji atalaumiwa. Watasema ameikataa bahati. Wazazi wasimwache peke yake. Wakitaka akatae friji ya kampuni, ni juu yao kuleta mifereji, kuni na maziwa. Vinginevyo wanamtaka apigane na shida mikono mitupu. Mkutano ujao wa wazazi, baada ya habari za mitihani na kabla ya watu kuanza kuondoka, mmoja wenu asimame aulize: Watoto wetu wanakunywa nini hapa, na nani aliyechagua?